Msamaha wa matibabu kwa wazee nchini Tanzania

Msamaha wa matibabu kwa wazee ni utaratibu wa serikali ya Tanzania unaowawezesha watu wenye umri wa miaka 60 au zaidi wasio na uwezo wa kulipa kutibiwa bure katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma.

Historia

Mwaka 1993 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali zake, huku baadhi ya makundi yakisamehewa. Haki ya wazee ilitajwa katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007. Halmashauri huwatambua wazee wasiojiweza na kuwapa vitambulisho, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee.

Ugharimiaji

Msamaha huu si bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hukilipa kituo kilichomtibu mwanachama wake, lakini kwa mzee aliyesamehewa kituo hutegemea ruzuku ya serikali na makusanyo yake mengine. Fedha hizo zikipungua au kuchelewa, dawa huisha. Hapo mzee humwona daktari bure, kisha huandikiwa dawa akanunue dukani. Wanaoumia zaidi ni wenye shinikizo la damu au kisukari, kwa kuwa dawa zao ni za kila siku.

Hali ya vijijini

Katika wilaya kama Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, wakazi wengi ni wakulima. Mzee aliyelima maisha yake yote hana pensheni wala bima ambayo mtumishi wa umma huendelea nayo baada ya kustaafu. Akipewa rufaa kutoka Kasulu kwenda Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, nauli na chakula hulipwa na familia, kwani havimo katika msamaha.

Njia nyingine imekuwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Baada ya kuboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka.

Sheria ya mwaka 2023

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 iliweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa mzee asiyejiweza, tofauti kubwa ni kwamba kituo kinachomtibu hulipwa.