Tunaongeza Springi Nyuma, Mbele Tunamwachia Mungu

Wasee, siku ukipita Kisii mjini tafuta Probox tupu hapo stage, uiangalie kutoka kando. Nyuma iko juu, mbele imeinama, kama mtu anatafuta shilingi imemwangukia. Nikipost picha, watu wa Nairobi huniambia ni stailo. Mtu wa Gusii anajua hiyo gari inangoja watu kumi na mikungu ya ndizi ndio ikae sawa.

Leo nataka tuongee historia ya vitu viwili ambavyo hakuna mtu hupiga picha: ekseli na stiaringi. Na nitasema mapema ninachoamini, ndio ubishane na mimi ukijua tunabishania nini. Karibu kila gari imewahi kuja huku kwetu, tumeikaza pale inapobebea mzigo, tukaiacha vile ilivyo pale inapokata kona. Hii tabia ni nzee kuliko Probox. Ni nzee kuliko mimi na wewe.

Anza na ardhi yenyewe. Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukipanda kuelekea Keroka na Nyansiongo unazidi kwenda juu. Mvua ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Udongo ni mwekundu, mzito, na ukilowa unateleza kama sabuni. Milima ni ile ya kushuka ukiona paa la jirani chini ya miguu yako. Sasa weka biashara juu yake. Kahawa ilianza kupandwa na Waafrika hapa Gusii miaka ya 1930, wakati sehemu nyingi za Kenya Mwafrika hakuruhusiwa. Baadaye pareto na majani chai zikafuata. Na majani chai hayana subira: yakichumwa asubuhi lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanachacha. Kwa hivyo hakuna kusema barabara ni mbaya, tungoje jua. Mzigo unaenda.

Gari ya kwanza kuiweza hiyo kazi ilikuwa Land Rover. Ilizinduliwa 1948 kule Amsterdam, na haikukawia kuwa gari ya DC, ya misheni na ya mzungu wa kilimo. Mbele na nyuma ilikuwa na ekseli ya chuma kizima, ikikalia springi za pleti, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Ugonjwa wake ulikuwa nyuma. Gurudumu likizunguka bure kwa matope halafu lishike jiwe ghafla, hafushafti, ile nondo inayozungusha gurudumu, inakatika pap! Dereva mjanja alibeba ya akiba. Kampuni yenyewe ilisikia kilio, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zile Land Rover ndefu za inchi 109 zikaanza kupewa ekseli nzito ya nyuma iitwayo Salisbury. Shida ya kubeba ikaisha.

Na stiaringi je? Ilibaki ile ile. Ukizungusha usukani wa Land Rover ya zamani, nguvu inapita kwa boksi, inaenda kwa chombo kinaitwa rilei hapo mbele ya chesisi, ndio ifike kwa magurudumu. Katikati kuna jointi sita za mpira. Kila moja ikilika kidogo tu, mchezo unajumlishwa. Wazee waliowahi kuziendesha watakuambia ulikuwa unazungusha usukani kwanza halafu unangoja gari ikubaliane na wewe. Ekseli ya mizigo ilipata toleo jipya. Mikono ya dereva iliambiwa izoee.

Hapa kuna gari moja inayonipinga, na lazima niiheshimu: Peugeot. Ile 404 ilitoka 1960, 504 ikafuata 1968, na zote zilikuja na stiaringi ya raki kutoka kiwandani. Raki ni kitu rahisi: unazungusha, meno yanasukuma nondo, nondo inasukuma gurudumu. Jointi ni chache, mchezo ni kidogo. Kwa Safari Rally 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na ule wa 1968 magari saba tu ndiyo yalifika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Hiyo ndiyo matangazo Mkenya alihitaji. 504 steshen wagoni, ile ya viti safu tatu, nyuma ilikuwa na springi nne za koili, mbili kila upande. Ilifanya teksi ya safari ndefu kati ya Nairobi na huku magharibi kwa miaka mingi, na mafundi wetu walijifunza ufundi wa kweli juu yake. Kwa hivyo babu yako akikuambia magari ya siku hizi ni karatasi, mwache. Ako na hoja.

Nikiwa hapo kwa rally, kuna jirani yetu mmoja watu wa umri wetu hawamjui. Joginder Singh alizaliwa Kericho 1932, yaani hapo tu, ukivuka mpaka wa Nyamira. Alianzia kwa gereji ya babake akishika spana. 1965 yeye na kakake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshakimbizwa Safari ya mwaka uliotangulia. Gari mtumba, wasee! Akashinda tena 1974 na 1976, mara hii na Mitsubishi Lancer. Hakuwa dereva wa kungojea fundi, alikuwa fundi anayeendesha. Na kwa rally huwezi kukaza upande mmoja tu wa gari. Nyuma ikivunjika uko nje, mbele ikivunjika uko nje vilevile. Anayelipwa kwa saa hukagua gari yote. Anayelipwa kwa vichwa hukagua pale vichwa vinakaa.

Matatu ilihalalishwa na Mzee Kenyatta 1973, na kuanzia hapo vichwa ndivyo vikawa hesabu. Sitakaa sana kwa Hiace na zile Nissan, mnazijua. Nyuma zilikuwa na springi za pleti, kwa hivyo kuongeza nguvu ilikuwa ni kuongeza pleti. Mbele zilikuwa na nondo ya kujisokota, fundi anaikaza na spana gari inainuka. Tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, zilibaki za kiwanda, sasa zikiwa zimelala kwa pembe ambayo hakuna injinia alichora.

Halafu Februari 2004 sheria za Michuki zikaanza kuuma. Mishipi, spidi gavana, abiria 14, hakuna kusimama. Kwa barabara ya lami zilileta nidhamu, na mimi nasema zilifaa. Lakini kule ndani, kutoka lami kwenda Kiamokama au kupanda kuelekea milima ya Manga, bado mama alikuwa na gunia na hakuna gari ya abiria 14 ilikuwa inamfuata huko. Hilo pengo lilihitaji kitu kidogo, cha bei nafuu, chenye spea kila duka.

Toyota ilizindua Probox 2002, ikiwa gari ya kazi ya kampuni za Japani, ya kupeleka karatasi na vifaa. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopitisha miaka minane, na Mjapani huachilia gari yake ikikaribia huo umri, kwa hivyo kufikia miaka ya 2010 zilikuwa zimejaa. Kiwandani iliandikiwa mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili, au 250 ikiwa na watu watano. Sasa piga hesabu ya Gusii: watu kumi wa kilo 65 ni kilo 650, na bado hatujaweka ndizi.

Nilikuwa nasoma uhandisi kabla niache chuo, na naapa hakuna darasa lilinifundisha mizani kama kuangalia Probox ikipakia. Fundi anaanza na nyuma. Anatoa springi ya koili, anaweka nyingine nene ya gari kubwa zaidi, ama anatia kipande cha raba au chuma chini yake kuiinua. Shoki nzito zinafuata. Ni kazi safi, na mimi sicheki fundi wa jua kali, kwa sababu ile ekseli ya nyuma ni boriti tu, haina injini ya kuizungusha, inavumilia mengi.

Lakini Probox huvutwa na magurudumu ya mbele. Yale yale yanayoivuta ndiyo yanayoigeuza. Ukiweka watu wanne kwenye buti, uzito unakaa juu ya ekseli ya nyuma na mwingine nyuma yake, na gari inakuwa kama pembea: nyuma inashuka, mbele inapunguziwa uzito. Kwa lami tambarare huwezi kujua. Panda mlima wenye matope ndio utaona. Magurudumu ya mbele yanazunguka hewani kiasi, na dereva akikata kona gari inaenda moja kwa moja kwanza, halafu ndio inakumbuka. Springi nzito nyuma hazitatui hiyo. Zinaficha tu kwamba gari imelemewa, kwa sababu haikai chini tena.

Kuna wale wanainua na mbele pia, ndio isigonge mawe. Hapo mambo mawili hutokea. Shafti zinazovuta magurudumu zinapinda zaidi kwenye jointi zake, raba zinapasuka, matope yanaingia, na siku moja unaanza kusikia ka-ka-ka ukikata kona. Pili, tairodi zinalala mshazari. Gurudumu likipanda na kushuka kwa shimo, linajigeuza lenyewe kidogo hata kama dereva hajagusa usukani. Kwa spidi ya 20 utasema ni barabara mbaya. Kwa spidi ya 80 ukishuka Keroka na watu kumi ndani, hakuna mahali pa kusema kitu.

Dawa yake inajulikana na si ya ajabu. Ukiinua gari, unafanya alaimenti upya. Unabadilisha tairodi endi na boljointi kabla zilegee, si baada. Unakagua raki. Na kupima ni bure: piga jeki, shika gurudumu la mbele kushoto na kulia ulitikise, likicheza kuna uwezekano mkubwa ni tairodi au raki. Shika juu na chini, likicheza ni boljointi au beringi. Dakika tano.

Nilimuuliza fundi mmoja karibu na Daraja Mbili kwa nini wateja hawafanyi hivyo. Alinijibu bila kuacha kufunga bolti kwamba springi inajilipa kwa wiki moja, lakini tairodi mpya haiongezi abiria hata mmoja. Sikuwa na jibu, na bado sina, kwa sababu dereva mwingi hiyo gari si yake. Ana tajiri anayengoja hesabu ya jioni, na tajiri hajawahi kukalia buti. Gari yenye leseni ya abiria lazima ikaguliwe kila mwaka. Probox nyingi za huku ndani zinabeba abiria bila hiyo leseni, kwa hivyo hakuna mkaguzi atashika hilo gurudumu kulitikisa. Askari wa barabarani huhesabu watu. Sijawahi kuona anayeinama kuangalia chini.

Mamangu hupanda hizo gari kila siku ya soko. Anapenda kukaa nyuma ya dereva, akisema huko ndiko salama. Nimemwambia aangalie usukani: ukiona dereva anauzungusha kushoto kulia, kushoto kulia, na barabara imenyooka, ashuke. Alicheka akaniuliza atapanda nini, kwa sababu inayofuata pia iko hivyo.

Na sasa Sienta zimeanza kuingia. Ndogo, viti safu tatu, mlango wa kusukuma, zinavutwa na magurudumu ya mbele vilevile. Wiki iliyopita nimeona moja kwa gereji, namba bado mpya. Nyuma ilikuwa juu ya mawe, springi zimetolewa, nyingine nene ziko kando zikingoja. Mbele ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake, hakuna mtu alikuwa ameigusa.