Hatsumode

Hatsumode (kwa Kijapani: 初詣, yaani "ziara ya kwanza ya ibada") ni desturi ya Wajapani ya kwenda kusali kwenye hekalu la Kibuddha au kwenye jinja, mahali patakatifu pa dini ya Shinto, kwa mara ya kwanza katika mwaka mpya. Hufanyika hasa tarehe 1 hadi 3 Januari, katikati ya majira ya baridi, wakati ofisi, shule na viwanda vingi vimefungwa. Wengi hutoka usiku wa kuamkia tarehe 1 na kusimama kwenye foleni kwa saa kadhaa katika baridi kali. Wengine huenda mchana pamoja na watoto, na wapo wanaochelewa hadi katikati ya mwezi bila kulaumiwa na mtu.

Mwaka 2009, ambao ulikuwa wa mwisho kwa polisi wa Japani kutangaza hesabu ya nchi nzima, ilikadiriwa kwamba ziara takriban milioni 99 zilifanyika katika siku hizo tatu. Nchi ilikuwa na wakazi takriban milioni 128. Hesabu hiyo inafaa kupokewa kwa tahadhari, kwa sababu mtu aliyetembelea sehemu tatu aliweza kuhesabiwa mara tatu, na umati wa usiku hauhesabiki kwa urahisi. Hata hivyo hakuna siku nyingine katika mwaka inayokusanya Wajapani wengi namna hii mahali pa ibada, wakiwemo wale wanaosema hawana dini yoyote.

Hatsumode huelezwa mara nyingi kuwa desturi ya kale. Sehemu zake nyingi ni za kale kweli, lakini kwa umbo lake la sasa ilianza mwishoni mwa karne ya 19, na ilikuzwa na reli.

Jinja na hekalu

Jinja ni mahali pa kuheshimu kami, yaani miungu na roho za Shinto. Kami anaweza kuwa wa mlima, wa mpunga, wa ukoo au hata binadamu aliyewahi kuishi. Mlango wake hutambulika kwa torii, lango la nguzo mbili zenye mihimili miwili juu, mara nyingi likiwa na rangi nyekundu. Hekalu la Kibuddha kwa kawaida lina lango lenye paa, sanamu za Buddha na watakatifu wengine, chungu kikubwa cha kufukizia ubani, na kengele ya shaba.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja dini hizo mbili zilichanganyika, hata jinja na hekalu vikawa ndani ya uwanja mmoja na kuhudumiwa na watu walewale. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru zitenganishwe. Amri hiyo ilifuatwa na fujo ambamo sanamu na majengo mengi ya Kibuddha yaliharibiwa. Waumini wa kawaida hawakuutilia maanani sana mpaka huo, na hadi leo familia moja inaweza kusikiliza kengele ya hekalu saa sita usiku, kisha ikaenda kusali kwenye jinja ya jirani kabla ya kurudi kulala.

Historia

Zamani mkuu wa nyumba alikwenda kwenye jinja ya kami mlinzi wa eneo lake jioni ya siku ya mwisho ya mwaka na kukesha huko hadi asubuhi. Desturi hiyo iliitwa toshigomori. Katika miji kama Edo (Tokyo ya leo) watu walipenda pia eho-mairi: walitembelea jinja au hekalu lililokuwa upande wa bahati wa mwaka ule, ukihesabiwa kutoka nyumbani kwao. Upande huo ulibadilika kila mwaka kufuatana na kalenda ya unajimu. Mahekalu mengi yalikuwa pia na siku yao maalumu ya kwanza katika mwaka. Hekalu la Heiken-ji mjini Kawasaki, linalojulikana zaidi kama Kawasaki Daishi, lilijaa watu tarehe 21 ya mwezi wa kwanza, kwa kuwa tarehe 21 ya kila mwezi ni ya kumkumbuka mmonaki Kukai, ambaye huitwa pia Kobo Daishi.

Mambo mawili yaligeuza mpangilio huo. Mwaka 1872 reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa kati ya Shimbashi (Tokyo) na Yokohama, nayo ilikuwa na kituo Kawasaki. Kisha mwaka 1873 Japani iliacha kalenda yake ya mwezi na kufuata kalenda ya Gregori, na tarehe 1 Januari ikawa siku ya mapumziko. Mkazi wa Tokyo sasa aliweza kupanda treni asubuhi, kusali kwenye hekalu maarufu nje ya jiji, kula, kutembea kidogo kijijini, na kurudi kwake jioni. Hakuhitaji kungoja tarehe 21 wala kuangalia upande wa bahati. Neno hatsumode lenyewe lilionekana katika gazeti la Tokyo mwaka 1885, likihusu ziara za Kawasaki Daishi.

Kampuni za reli zilielewa haraka. Mwaka 1899 ilifunguliwa reli ya umeme ya kuwapeleka watu Kawasaki Daishi. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika eneo la Tokyo, na ndiyo asili ya kampuni ya Keikyu ya leo. Upande wa mashariki reli ilifika Narita, penye hekalu la Naritasan Shinsho-ji, mwaka 1897. Kampuni ya Keisei ilifikisha njia yake huko mwaka 1926, na tangu hapo abiria walikuwa na njia mbili za kuchagua. Kwa mtazamo huo hatsumode ilianza kama matembezi ya sikukuu kuliko kama wajibu wa kidini, na ladha hiyo haijaiacha.

Baadaye dola nayo iliitumia. Jinja ya Meiji ilifunguliwa Tokyo mwaka 1920 kwa ajili ya kumkumbuka mfalme mkuu (Tenno) Meiji, aliyefariki mwaka 1912, na mke wake Shoken. Mwaka 1940 serikali iliadhimisha miaka 2,600 tangu Jimmu, anayesimuliwa kuwa Tenno wa kwanza, kushika utawala. Jimmu huheshimiwa katika jinja ya Kashihara, mkoani Nara, na zaidi ya watu milioni moja walikwenda huko katika siku za kwanza za mwaka huo. Katika Korea, iliyokuwa koloni la Japani, wanafunzi na watumishi walilazimishwa kuinama mbele ya jinja za Kijapani. Wakristo waliokataa walifungwa. Mchungaji Ju Gi-cheol alifia gerezani mwaka 1944. Kwa Wakorea wengi torii haikuwa ishara ya sikukuu.

Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, utawala wa Marekani uliiondolea Shinto msaada wa serikali, na katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947 ilitenganisha dini na dola. Hatsumode ilirudi kuwa hiari ya mtu na familia yake.

Umati wenyewe ulikuwa hatari. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1956, katika jinja ya Yahiko mkoani Niigata, waliokuwa wakitoka walikutana kwenye ngazi za mawe na waliokuwa wakiingia, baada ya keki za mchele kurushwa kwa umati kama baraka. Watu 124 walikufa kwa kukanyagwa na kuanguka. Leo polisi na walinzi hugawa njia ya kuingia na ya kutoka, na huruhusu watu kundi baada ya kundi. Mgeni anayeshangaa kwa nini foleni inasimamishwa huku mbele pakionekana wazi, sababu ni hiyo.

Taratibu

Usiku wa tarehe 31 Desemba mahekalu hugonga kengele mara 108, hesabu ya tamaa zinazomsumbua binadamu kwa mafundisho ya Kibuddha. Kwa desturi mapigo 107 hupigwa kabla ya saa sita na la mwisho mwaka ukishaingia. Kengele ya Chion-in mjini Kyoto, iliyotengenezwa mwaka 1636, ina uzito wa takriban tani 70. Wamonaki 17 huivutia kamba gogo la kuigongea, na mmoja wao hujitupa nyuma, mgongo ukikaribia ardhi, ili kulipa gogo nguvu.

Kwenye jinja mtu huinama kidogo mbele ya torii, kisha huosha mkono wa kushoto, wa kulia na kinywa kwa maji ya kisimani yanayochotwa kwa kata ya mianzi. Mbele ya jengo kuu hutupa sarafu katika sanduku la mbao. Wengi huchagua sarafu ya yeni 5, kwa kuwa matamshi yake, goen, ni sawa na ya neno linalomaanisha mahusiano mema. Hufuata kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili, kuomba kimya na kuinama mara moja tena. Jinja ya Izumo, mkoani Shimane, ni tofauti: huko makofi ni manne. Kwenye hekalu la Kibuddha hakuna makofi kabisa. Viganja hukutanishwa tu. Kosa hili hufanywa hata na Wajapani wenyewe.

Baada ya sala watu huvuta omikuji, karatasi za bahati zinazoanzia "bahati kubwa" hadi "bahati mbaya". Hekalu la Senso-ji, Asakusa, linajulikana kwa kutopunguza karatasi mbaya ili kuwafurahisha wageni. Anayepata mbaya huifunga kwenye kamba au fremu iliyowekwa hapo na kuiacha. Hununuliwa pia hirizi na mishale myeupe ya kufukuza mabaya, na ile ya mwaka uliopita hurudishwa ili ichomwe kwa heshima. Maombi huandikwa kwenye vibao vya mbao viitwavyo ema na kutundikwa hadharani.

Vibao hivyo huwa vingi zaidi katika jinja za Tenmangu, hasa Dazaifu katika kisiwa cha Kyushu. Humo huheshimiwa Sugawara no Michizane, msomi na mwanasiasa aliyesingiziwa, akahamishiwa Dazaifu na kufia huko mwaka 903. Maafa yaliyotokea mji mkuu baada ya kifo chake yalidhaniwa kuwa hasira ya roho yake, akatulizwa kwa kufanywa kami. Baadaye akawa kami wa elimu. Mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu hufanyika katikati ya Januari, wiki mbili tu baada ya hatsumode, hivyo vibao vingi vina jina la chuo na neno moja la kuomba kufaulu.

Familia iliyofiwa karibuni kwa kawaida haiendi kwenye jinja, kwa sababu Shinto huhesabu kifo kuwa chanzo cha unajisi wa muda. Hekalu la Kibuddha halina katazo hilo.

Mahali maarufu

Jinja ya Meiji, Naritasan na Kawasaki Daishi kila moja hupokea takriban watu milioni 3 katika siku tatu. Jinja ya Meiji ina msitu wa hekta 70 katikati ya Tokyo. Mgeni hudhani ni msitu wa asili, kumbe miti yake takriban laki moja ilitolewa na watu wa pande zote za nchi na kupandwa kwa mkono. Majengo makuu yaliteketea kwa mabomu mwaka 1945 na kujengwa upya mwaka 1958. Katika eneo la Kyoto na Osaka zinaongoza Fushimi Inari, yenye maelfu ya torii mlimani na sanamu za mbweha, na Sumiyoshi.

Mawaziri wakuu wa Japani wamezoea kwenda jinja kuu ya Ise mwanzoni mwa Januari, jambo linalolalamikiwa na baadhi ya watetezi wa katiba. Mabishano makali zaidi yako Yasukuni, Tokyo, jinja iliyoanzishwa mwaka 1869 kwa ajili ya waliokufa vitani wakiitumikia dola. Orodha yake ina majina zaidi ya milioni 2.4, na mwaka 1978 yaliongezwa ya viongozi 14 waliohukumiwa au kushtakiwa kama wahalifu wakuu wa vita. China na Korea hupinga kila kiongozi wa serikali anapokwenda huko. Familia zinazofika Januari kumkumbuka babu aliyefia Ufilipino au Burma husimama katika foleni hiyohiyo.

Mabadiliko ya karibuni

Wakati wa janga la UVIKO-19 jinja nyingi ziliondoa kata za maji na kuanza kuuza hirizi za mwaka mpya tangu Desemba ili watu wasisongamane. Treni za usiku kucha, ambazo kwa miongo mingi zilikuwa sehemu ya sikukuu, zilifutwa katika eneo la Tokyo usiku wa kuamkia 2021. Kengele nazo zina matatizo yake: baadhi ya mahekalu ya mijini yalilalamikiwa na majirani kwa kelele za usiku, mengine yakaacha kabisa kugonga na mengine yakahamishia ugongaji mchana. Yaliyohamishia mchana yalipata watoto na wazee ambao zamani walikuwa wamelala saa hiyo.