Mtambo usio na mkalimani wake

WAPO wanaodhani kwamba tafsiri ni kazi ya watu wa fasihi na wakalimani wa mahakamani pekee. Ukweli ni kwamba hakuna kompyuta inayofanya kazi bila tafsiri. Mtaalamu huandika programu kwa lugha kama vile C, ilhali prosesa inaelewa mfululizo wa sufuri na moja tu. Anayewapatanisha ni programu iitwayo kompaila. Mwaka wa 1952, Grace Hopper wa Marekani alikamilisha mfumo wa A-0, unaohesabiwa miongoni mwa kompaila za kwanza.

Je, mtambo ukiwa mdogo kiasi cha kushindwa kumbeba mkalimani wake, itakuwaje? Chukua ruta ya intaneti iliyoko sebuleni. Ndani yake mna kompyuta, tena aghalabu inayoendeshwa na Linux, lakini haina kibodi, skrini wala nafasi ya kompaila. Basi programu zake hutafsiriwa kwenye kompyuta kubwa, kisha matokeo huhamishiwa kwenye ruta. Kompaila ya aina hii huishi kwenye prosesa moja lakini huzungumza lugha ya prosesa nyingine. Tuiite kompaila mtambuka.

Mbinu hii ni kongwe kuliko Linux. Mwaka wa 1969, katika maabara ya Bell Labs, Ken Thompson alianza kuunda Unix kwa ajili ya PDP-7, mashine iliyopungukiwa na zana. Programu za mwanzo alizitafsiria kwenye kompyuta kubwa ya GE, zikatobolewa kwenye utepe wa karatasi, kisha utepe ukabebwa hadi kwenye PDP-7. Hali iliendelea hivyo hadi Unix ilipopata asembla yake, ikajitegemea. Mwaka wa 1975 nao Bill Gates na Paul Allen waliandaa BASIC ya Altair kwenye PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, bila kuwa na Altair yenyewe. Allen alipoufikisha utepe Albuquerque, programu ikakubali!

Hata hivyo, mkalimani ana mwenyewe. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuandikia prosesa fulani alilazimika kununua kompaila kutoka kwa kampuni, wala hakuruhusiwa kuifungua aone inavyofanya kazi. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, na mwaka wa 1987 kompaila ya GCC ikatolewa, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote. Mwaka wa 1989 ikaanzishwa kampuni ya Cygnus, iliyouza huduma badala ya leseni. Watengenezaji wa prosesa waliilipa ili GCC ifunzwe lugha za prosesa zao. Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka wa 1991, GCC ndiyo aliyoitumia.

Sasa, kusakinisha zana hizi si jambo la kubofya mara moja ukaenda zako. Ni mnyororo, na kila pete hushika nyingine. Kwanza huja asembla na linka. Kisha huwekwa faili za vichwa vya kerneli, zinazoeleza jinsi programu zitakavyoiomba Linux huduma. Halafu hujengwa kompaila changa, isiyotegemea maktaba yoyote. Hiyo changa ndiyo inayojenga maktaba ya C, na maktaba ikishapatikana, kompaila kamili hujengwa upya. Mbona mzunguko wote huo? Kwa sababu kompaila kamili inahitaji maktaba, nayo maktaba haijengeki bila kompaila. Ni lile fumbo la yai na kuku. Aidha, matoleo yasipooana, kazi hukwama katikati. Ndiyo maana zikazuka programu kama vile crosstool na Buildroot, za kuupanga mnyororo huo bila mtu kuhangaika hatua kwa hatua.

Umuhimu wa haya ulidhihirika mwaka wa 2003. Wataalamu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilitumia Linux. Leseni ya Linux inamtaka anayesambaza programu hiyo kutoa msimbo wake, pamoja na maelekezo ya kompyuta yanayosimamia utafsiri na usakinishaji. Kampuni ikautoa msimbo. Mwaka wa 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, na mtambo wenye kumbukumbu ya megabaiti 16 tu ukaanza kufanya mambo ambayo mtengenezaji hakuyakusudia.

Zingatia kwamba leseni haikuishia kwenye msimbo. Waliyoiandika walijua kwamba matini bila njia ya kuitafsiri ni karatasi tu. Mwenye ruta au king'amuzi asiyeweza kupata kompaila yake humtegemea mtengenezaji kwa kila marekebisho, na siku mtengenezaji anapouacha mtambo huo, dosari zake hubaki zilivyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nasi wanafunzi wa lugha tuna sehemu yetu. Vijana wetu wanajifunza ufundi huu kwa Kiingereza, huku Kiswahili kikiwa bado hakijakubaliana hata kuhusu jina la mnyororo wenyewe. Nimependekeza ‘kompaila mtambuka’. Mwenye neno bora alilete, mradi tu tuwe nalo.