Matuta ya Mto Nzoia: Kinga ya Budalang'i isiyo na mlezi

WAKAZI wa Budalang'i, Kaunti ya Busia, walijifunza zamani kwamba anga ya kwao haitoshi kuwaambia iwapo mafuriko yanakuja. Mara nyingi Mto Nzoia hufurika huko jua likiwaka, kwa sababu mvua iliyoujaza imenyesha siku kadhaa awali katika milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Maji hayo yanapofika nyanda za chini, kitu pekee kinachosimama kati yake na nyumba, mashamba na shule ni matuta makubwa ya udongo yaliyojengwa kando ya mto, upande wa kaskazini na upande wa kusini.

Matuta hayo yamewakinga watu kwa zaidi ya miaka 40. Pia yamepasuka mara nyingi, na kila yanapopasuka swali linalozuka ni lile lile: nani mwenye jukumu la kuyatunza baada ya wahandisi na magari ya msaada kuondoka?

Mto na bonde lake

Nzoia ni miongoni mwa mito mikubwa inayoingia Ziwa Victoria kutoka upande wa Kenya. Bonde lake lina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 12,000. Mto huo hupitia Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Siaya kabla ya kufika katika kaunti ndogo ya Bunyala, ambayo ndiyo eneobunge la Budalang'i, na kumwaga maji yake ziwani.

Sehemu za juu za bonde hupokea mvua nyingi kuliko Bunyala kwenyewe. Huko mto hushuka kwa kasi na kubeba udongo kutoka mashambani na katika miteremko iliyokatwa miti. Ukifika nyanda za chini, mwendo wake hupungua na udongo huo hutua. Kwa karne nyingi mashapo hayo ndiyo yaliyoirutubisha ardhi ya Bunyala, wenyeji wakalima mahindi, mtama, mihogo na mboga, na baadaye mpunga katika mradi wa umwagiliaji wa Bunyala. Hii ndiyo sababu ushauri wa kuwataka watu wahame moja kwa moja haujawahi kupokelewa kwa urahisi. Maji yanayoharibu shamba mwaka huu ndiyo yaliyolifanya shamba hilo liwe na thamani.

Mafuriko huja katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Cha pili huangukia karibu na Agosti, wakati mvua inaponyesha katika nyanda za juu ilhali Bunyala ni kukavu. Cha tatu ni cha mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Matuta yalivyojengwa

Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo wazee wa magharibi mwa nchi huyakumbuka kama mafuriko ya Uhuru, yalienea katika nyanda za chini za Nzoia huku kimo cha Ziwa Victoria nacho kikipanda kwa zaidi ya mita mbili. Baada ya hapo Serikali ilianza kufikiria kinga ya kudumu. Ujenzi wa matuta ulianza mwaka 1977 na kuendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Urefu wake, pande zote mbili zikijumlishwa, unapita kilomita 30.

Watu walirudi na wengine wakahamia. Nyumba, makanisa, shule, zahanati na masoko yakajengwa mahali ambapo zamani maji yalipita kila baada ya misimu michache. Tuta likawa pia barabara ya waendao kwa miguu na waendesha baiskeli, malisho ya mifugo na, wakati wa mafuriko, kimbilio la waliopoteza makao, kwa kuwa ndiyo ardhi ya juu iliyo karibu.

Hata hivyo, kinga hiyo haikukamilika daima. Matuta yalipasuka au maji yakapita juu yake katika mvua za El Nino za 1997 na 1998. Yalipasuka tena katika miaka ya 2003, 2007 na 2008, na mafuriko yakarejea 2018. Mei 2020 mto ulivunja kingo na kuwahamisha maelfu ya watu wakati nchi ilipokuwa ikipambana na janga la Covid-19, na familia zikalazimika kusongamana kambini katika siku ambazo zilikuwa zikihimizwa kukaa mbalimbali. Mwaka 2024, mvua za masika zilipoua zaidi ya watu 250 kote nchini, Bunyala ilikuwa tena miongoni mwa maeneo yaliyofunikwa na maji.

Namna tuta linavyopasuka

Watu wengi hudhani kwamba tuta hushindwa tu pale maji yanapolipita kimo. Kwa kweli kuna njia kadhaa, na nyingi huanza miezi au miaka kabla ya mvua.

Njia ya kwanza ni ya kina cha mto kupungua. Mashapo yanapotua kati ya matuta mawili, sakafu ya mto huinuka mwaka baada ya mwaka, na tuta lililokuwa refu wakati wa kujengwa huwa fupi bila kupunguzwa hata inchi moja. Katika baadhi ya sehemu maji ya mto uliojaa husimama juu kuliko mashamba yaliyo nyuma ya tuta.

Njia ya pili ni ya matundu. Panya, fuko na mchwa huchimba ndani ya udongo, na mizizi ya miti iliyokufa huacha mifereji. Maji yakipata mfereji kama huo hupenya taratibu, hubeba chembe za udongo na kuupanua, mpaka tuta linaporomoka kutoka ndani ilhali juu linaonekana zima. Ndiyo maana wataalamu hutaka tuta lifunikwe kwa nyasi fupi badala ya miti na vichaka, na lifyekwe ili nyufa na matundu yaonekane mapema.

Njia ya tatu hutokana na matumizi ya kila siku. Ng'ombe wanaoshuka mtoni kunywa maji hukata njia ile ile mpaka ikawa bonde. Wakulima hulima hadi ukingoni mwa tuta, au upande wa ndani kati ya tuta na mto, ambako udongo ni mzuri zaidi. Wachimbaji wa mchanga hudhoofisha kingo, nao mkondo unaopinda hula udongo mpaka ukafikia msingi wa tuta.

Tuta likishapasuka, huzaa tatizo jingine. Maji yaliyoingia upande wa mashamba hayawezi kurudi mtoni kwa kuwa tuta lenyewe linayazuia. Hukaa kwa majuma, wakati mwingine kwa miezi, yakiozesha mimea na kujaza vyoo. Visima huchafuka, malaria na magonjwa ya kuhara huongezeka, na shule ambazo hazikufurika hugeuzwa kambi. Hata mazishi huwa mtihani, maana mila inataka mtu azikwe katika boma lake, na boma liko chini ya maji.

Ziwa linapopanda

Katika miaka ya karibuni tishio limetokea pia upande wa pili. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 kimo cha Ziwa Victoria kilipanda kwa zaidi ya mita moja na kupita rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Mwaka 2024 kilipanda juu zaidi.

Ziwa likiwa juu, mto hauna pa kumwaga maji kwa haraka. Mkondo hupoa, maji hujirundika nyuma ya mdomo wa mto, na shinikizo juu ya matuta hudumu kwa siku nyingi zaidi. Wakati huohuo maji ya ziwa huingia katika vijiji vya ufukweni ambavyo havina tuta lolote. Familia zilizohama mwaka 2020 kwa sababu ya ziwa zilikumbana na hali tofauti na ya wenzao wa kando ya mto: maji ya mto hushuka baada ya muda, lakini ziwa lilikaa. Kwao, kukarabati tuta la Nzoia peke yake hakuwezi kuwa jibu.

Onyo la mapema

Jambo moja limeimarika. Mvua ya milimani huchukua siku kadhaa kuwa mafuriko ya Bunyala, na muda huo ukitumiwa vizuri huokoa maisha. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga imekuwa ikifuatilia mvua katika bonde hilo, na kimo cha mto hupimwa katika vituo kadhaa, kikiwemo cha daraja la Rwambwa, juu kidogo ya mahali matuta yanapoanza. Redio ya jamii, machifu na wajitolea wa Shirika la Msalaba Mwekundu hupeleka habari hizo vijijini.

Lakini onyo humwokoa mtu na mifugo wake. Halimwokolei mahindi yake. Tena onyo humtaka mtu aondoke kabla hajaona maji, na anayejua kwamba kambini hakuna choo, au kwamba nyumba iliyoachwa huibiwa, huchelewa kuondoka.

Nani mwenye tuta?

Hapa ndipo malalamiko ya wakazi yana uzito mkubwa zaidi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa Serikali ya Kitaifa jukumu la kulinda maji na usalama wa mabwawa pamoja na kazi za uhandisi wa maji. Udhibiti wa majanga, kwa upande wake, umetajwa katika orodha ya Serikali ya Kitaifa na pia katika orodha ya serikali za kaunti. Kazi ya kuhifadhi udongo na maji mashinani iko kwa kaunti, lakini kwa kutekeleza sera za kitaifa.

Matokeo yake ni kwamba tuta likipasuka kila ngazi hufika, na tuta likiwa zima hakuna anayeonekana. Kuziba pengo la dharura hupata fedha kwa sababu maafa yanaonekana. Kufyeka nyasi, kuziba matundu ya panya, kujaza njia za ng'ombe na kupima kimo cha sakafu ya mto ni kazi ndogo zisizo na sherehe ya kuzindua, na ndizo zinazoachwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Budalang'i methali hii si ya mafumbo.

Miradi mikubwa imekuwepo. Mwaka 2007 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa maendeleo ya jamii na kupunguza mafuriko magharibi mwa Kenya, Nzoia ikiwa miongoni mwa shabaha zake. Baadaye ukafuata mradi wa umwagiliaji wa Nzoia ya chini, ambao awamu yake ya kwanza ilikusudiwa kumwagilia takriban hekta 4,000 katika kaunti za Siaya na Busia, na mipango ya kujenga upya matuta ikaandaliwa sambamba nao. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na mto hauna.

Ardhi na fidia

Tuta imara zaidi huhitaji msingi mpana zaidi, na mara nyingi huhitaji kusogezwa mbali na mto ili maji yapate nafasi. Hilo maana yake ni ardhi ya watu. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka mwenye ardhi inayochukuliwa kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki kwa wakati, na kinaruhusu pia walioikalia kwa nia njema bila hati kufidiwa. Bunyala, ambako mashamba hurithiwa bila jina kubadilishwa katika hati, utaratibu huu unaweza kuchukua miaka. Anayeishi kati ya tuta na mto ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye mwenye karatasi chache zaidi za kuthibitisha haki yake.

Yanayohitajika

Wakazi wa Budalang'i hawakubaliani katika kila jambo. Wa karibu na mto hutaka tuta liinuliwe; wa ufukweni hutaka ziwa lizungumziwe; wengine hutaka mabwawa yajengwe sehemu za juu ili kupunguza nguvu ya maji kabla hayajashuka. Bwawa la juu lingesaidia, lakini halingeondoa haja ya matuta, na lingehamisha watu wengine katika kaunti nyingine. Upandaji miti katika Cherangani na Elgon ungepunguza mashapo, lakini mti hukua taratibu kuliko sakafu ya mto inavyoinuka.

Yapo mahitaji madogo ambayo hayangojei mradi mpya: ofisi moja iliyotajwa wazi kuwa mlezi wa matuta, bajeti ya kila mwaka ya ukarabati hata mvua isiponyesha, na ukaguzi wa kilomita zote kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Pia panahitajika sehemu maalumu zilizoimarishwa kwa mawe ambapo ng'ombe watavukia, milango ya kutolea maji yaliyonaswa nyuma ya tuta, na vijana wa vijiji husika walipwe kulifyeka na kulilinda, kwa kuwa wao ndio hulikanyaga kila siku na ndio huona ufa wa kwanza.

Hakuna tuta la udongo linaloweza kuahidi kwamba Nzoia haitafurika tena. Linaloweza kuahidiwa ni kwamba halitaporomoka kwa tundu la panya ambalo kila mpita njia aliliona tangu kiangazi.