Muuza samaki aliyefika kuwa gavana

Hapa Nizi, eneo la Djugu, tumezoea kuona pesa ya dhahabu ikitangulia, siasa ikifuata nyuma. Kule Katanga safari ya Moïse Katumbi ilianzia kwenye samaki.

Alizaliwa mwaka 1964 Kashobwe, karibu na ziwa Mweru, mpakani na Zambia. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, mama Mkongomani. Akiwa kijana aliuzia samaki Gécamines, kampuni ya shaba iliyokuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha. Mwaka 1997 akaanzisha MCK, iliyofanya kazi za migodi kwa kandarasi, na mwaka huohuo akashika uongozi wa TP Mazembe. Mpira ndio uliompa jina mitaani. Tajiri wa mitambo peke yake nani angemjua?

Tarehe 30 Julai 2006, Bunia nayo ikiwa kwenye foleni ya kura, Katumbi aligombea kwa mara ya kwanza, kupitia PPRD ya Rais Joseph Kabila. Akachaguliwa mbunge wa taifa.

Wengi husahau kwamba kura ya wananchi ilikuwa hiyo. Ugavana, Januari 2007, alipewa na wabunge wa jimbo: kura 94 kati ya 102. Basi mtu wa kandarasi za migodi akakabidhiwa jimbo la migodi. MCK iliuzwa mwaka 2015, mwaka uleule alioacha ugavana.