Majuto ya Mzungu Yanapimwa na Nini?

Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi akaongea kuhusu yale Uingereza ilifanyia Wakenya wakati wa Mau Mau. Alisema ana huzuni na majuto makubwa. Msamaha rasmi hakuomba. Shosho yangu, aliyelelewa ndani ya kijiji cha waya wa miiba, alizima TV akaniuliza, "Kwani huyo anasikia nini ndani yake?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kusoma. Kumbe kuna watu wanapima hii kitu!

Mwaka wa 1998, Bertjan Doosje na wenzake waliwapa wanafunzi wa Uholanzi historia ya nchi yao kutawala Indonesia. Wengine walisoma mabaya tu, wengine mazuri tu, wengine mchanganyiko. Kwa mchanganyiko ndio mambo yalionekana: waliojihisi Waholanzi sana walijiona na hatia kidogo kuliko wale wengine. Yaani ukiachiwa kisingizio, unakishika.

Mwaka wa 2003, Iyer, Leach na Crosby wakaangalia wazungu wa Marekani. Waliojiona na hatia waliunga mkono fidia, lakini hatia haikuwasukuma kuunga mkono sera za kufungulia watu weusi nafasi. Huruma ndiyo ilisukuma zote mbili.

Halafu kuna aibu, na aibu si hatia. Hatia inasema "nilikosea," kwa hivyo unaweza kurekebisha. Aibu inasema "mimi ni mbaya," na mtu anataka tu kujificha. Wengine hukasirika, hulia ama hunyamaza ukitaja ubaguzi. Robin DiAngelo aliipa hiyo tabia jina mwaka wa 2011, na mpaka leo watu wanabishana naye.

Enyewe hizo dodoso zina shida moja: mtu anajisema mwenyewe. Na serikali je? Juni 2013 William Hague aliliambia bunge la Uingereza kwamba wanajuta, wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kumaliza madai ya Wakenya 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Hapo hapo akasema bado wanakana kuwajibika kisheria. Pesa ilitoka, hatia ikakataliwa.

Shosho hakuwa kwa hiyo orodha. Nilipomweleza haya yote alisema hajali wanasikia nini, anataka iandikwe ni nani alifanya. Nimeanza kumrekodi. Wewe wako umeshamuuliza?