Miti inayofunika chuma na maandiko

Mapadri na makatekista wengi wa pande za Goma tumeona chuma cha gurudumu la motokari kilichotundikwa mtini mbele ya kanisa la mtaani, kipigwe kama kengele. Waya ukiachwa miaka mingi, gamba la mti huvimba juu yake na chini yake kama midomo. Siku moja midomo inagusana, na waya hauonekani tena. Watu husema mti umekula chuma. Kwa kweli haukula kitu. Chini ya gamba mna ngozi nyembamba iliyo hai, nayo huongeza ubao mpya upande wa nje, duara juu ya duara. Kitu kisichosogea kinabaki ndani. Msumari nao haupandi juu, kwa maana mti hurefuka kwa ncha zake, shina hunenepa tu. Wapasuaji wa mbao wanaijua hasara, msumeno ukipoteza meno katika gogo lililoonekana safi.

Hata maandiko huweza kupotea hivyo. David Livingstone, yule aliyefika Nyangwe katika Maniema mwaka wa 1871, alikufa mwaka wa 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakachukua maiti mpaka pwani. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Uhindi, alichonga shinani jina la marehemu, tarehe, na majina ya wenzake wachache. Lakini herufi zilizochongwa ni jeraha, na mti hai huponya jeraha kwa kulifunika. Mwaka wa 1899 mti ule, uliokwisha kuoza, ulikatwa, na kipande chenye maandiko kikapelekwa London. Bahati njema, Wainwright alikuwa ameandika pia katika daftari, nalo linasomwa hata leo. Kardinali Lavigerie alijua alichofanya alipowaagiza Mapadri Weupe kuandika diario katika kila misioni!

Kwetu Goma kuna jambo lingine: jiwe nalo humeza miti. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1977 moto wa Nyiragongo ulipita msituni, ukazunguka mashina, ukapoa. Mti uliungua ndani, likabaki tundu la mviringo katika jiwe, kipimo kamili cha shina lisilokuwapo tena. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002 volkano iliingia mjini, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Palipofunikwa na jiwe lile, kila mti tunaouona umeota baada ya siku hiyo. Tukiupasua hatutakuta msumari wa baba zetu. Mwenye kutaka kujua ni nani aliyetundika kengele ya kwanza mahali pale, aende kwa wazee wangali hai, naye achukue kalamu.